Aliyeokoka mwacheni kwanza arudi kwao

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua kurasa ni chache ila ukitaka kunipunguza usinikate pale nitakapofika kwenye madeni maana hapo ndo penye barua yenyewe. Mi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko Kigoma, na tangu nistaafu nafanya biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, nanunua wabichi asubuhi, naanika, nauza wakavu kwa wale wanaopeleka Tabora, Dodoma mpaka Dar. Ni Mkatoliki, nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimetumwa na kanisa fulani kuliponda lingine, na familia yetu yenyewe ni mchanganyiko, kuna Waanglikana wa Kasulu, kuna walokole, kuna wajomba Waislamu wa Ujiji, sikukuu zote kwetu ni pilau.

Neno langu ni kwa wachungaji na wainjilisti wa hapa kwetu wanaofanya mikutano ya nje. Jamani watu wakiokoka msiwapandishe jukwaani wiki hiyo hiyo. Naomba sana.

Kila anayekaa mjini hapa anaijua ile mikutano. Spika kubwa kwenye gari, kwaya inaanza saa tisa jua likiwa bado kali, watoto wamekaa mbele kwenye vumbi, alafu inafika zamu ya ushuhuda. Anapanda kijana, amevaa shati la kuazima, anapewa maiki. Anaanza kueleza alivyokuwa. Alivyokuwa anaiba, alivyokuwa anavuta bangi, alivyompiga mama yake, alivyokwenda kwa mganga akapewa dawa ya kuvulia samaki, na kadiri stori inavyokuwa chafu ndo watu wanapiga kelele zaidi, wanasema endeleaaa, muhubiri naye anachochea, "hebu waambie ulikuwa unafanyaje pale", yani robo saa nzima ni ujambazi alafu mwisho kabisa nusu dakika ya kusema lakini sasa nimeokoka, haleluya, anashuka. Mi nilishakaa pembeni nikasikiliza kijana anafundisha umati mzima jinsi ya kufungua kufuli la duka bila funguo. Na watoto wa shule wapo pale wanasikiliza vizuri kuliko walivyokuwa wananisikiliza mimi darasani.

Alafu keshokutwa yule kijana anapelekwa Uvinza, kutoka hapo Kasulu, kutoka hapo Kibondo, analipiwa nauli na chakula na kabahasha kidogo, na kila anapofika stori inaongezeka chumvi maana watu wanapenda chumvi. Baada ya miezi kadhaa unamkuta kilabuni amelewa na mji mzima unasema si mliona, wokovu wenyewe ndo huu. Nani kamharibu? Mi nasema tumemharibu sisi tuliompigia makofi.

Nisiongee hewani, nieleze ya kwetu. Nina mdogo wangu wa kiume, baba mmoja mama mmoja, ni mvuvi wa dagaa. Anayejua maisha ya mwaloni atanielewa haraka. Hawa wavuvi wanavua usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za betri na sola, na wanavua siku za giza tu, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa kwaiyo wanapumzika siku kadhaa. Sasa mwanaume ametoka giza na mgao wake mkononi, hana kazi mpaka mwezi ufifie, unategemea nini? Mdogo wangu alikuwa anamaliza mgao wote kwenye gongo na wale wasichana wa mwaloni kabla mbalamwezi haijakolea, alafu anarudi nyumbani kumdai mke wake chakula. Na mkono ulikuwa mwepesi. Wifi yangu akisikia kikohozi chake tu kule njiani, anaamka, anawahamishia watoto chumba cha nyuma, anakaa na mlango. Sitaki kuendelea hapo, nisije nikafanya kile kile ninachokilaumu.

Mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wazaliane. Sisi wafanyabiashara tulilia, wengine waligeukia mawese, wengine walirudi shamba. Wavuvi ndo walikaa kama walivyokaa, bao na karata kutwa. Ni kipindi hicho mdogo wangu akaanza kwenda kwenye maombi ya asubuhi ya kanisa moja la kipentekoste, alialikwa na baharia mwenzie wa mtumbwi mmoja, mtu mpole ambaye hata hajui kuhubiri. Hakukuwa na moshi wala kuanguka. Aliniambia baadaye, "dada, nilienda kwa sababu sikuwa na pa kwenda, siku moja wakasoma pale Yesu anamwambia mtu je wataka kuwa mzima, nikaona hilo swali naulizwa mimi, na nilikuwa sijawahi kuulizwa, watu wote walikuwa wananiambia tu acha." Basi. Akaongozwa sala, akalia, akarudi nyumbani akalala mchana kutwa.

Mtaani walicheka. Walisema ameokoka kwa kuwa hana hela, ngoja ziwa lifunguliwe. Na mimi niseme ukweli nililiona hilo ni neno la maana wala sio la kejeli, maana mtu asiye na shilingi mfukoni kuacha pombe sio kazi ngumu sana. Hata wifi hakusema amen. Alisema "tutaona Agosti".

Sasa kabla ya Agosti haijafika akaja mwinjilisti mmoja, simtaji jina wala kanisa, akamwona mdogo wangu, akasikia habari zake, akataka amchukue kwenye msafara wa mikutano. Mavazi juu yao, nauli juu yao. Mdogo wangu akaja kwangu usiku, kwa heshima kabisa, "dada shikamoo, nimekuja unishauri, wanasema Mungu ameniita nikatoe ushuhuda." Nikamwambia kaa chini. Nikachukua Biblia tukasoma wote Marko sura ya 5.

Ile habari watu wanaikumbuka kwa sababu ya nguruwe elfu mbili waliotelemka ziwani. Mwisho wake hawausomi. Yule mtu alikuwa anaishi makaburini, anakata minyororo, anajikatakata kwa mawe, Yesu akamponya, watu wa mji wakaja wakamkuta amekaa, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Hiyo ndo picha waliyoiogopa. Mtu amekaa ametulia. Alafu Yesu anapanda chomboni kuondoka, na yule mtu anamsihi waende wote. Sisi watu wa ziwani hapo tunapaona vizuri kabisa, mtu amesimama kwenye maji ya magotini ameshika ubavu wa mtumbwi anasema nichukueni. Na Yesu akamkatalia! Yesu ambaye kila siku anawaita watu mnifuate, huyu akamkatalia, akamwambia rudi nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu, ukawaeleze Bwana aliyokutendea. Kwa watu wa kwenu. Yani kwa wale waliokufunga minyororo, kwa mama yako aliyekuwa anasikia kelele zako usiku kutoka makaburini, kwa mkeo kama unaye. Ndio baadaye akaenda akatangaza miji yote ya Dekapoli, ila ratiba ilianzia nyumbani.

Nikamwambia mdogo wangu, wewe nyumbani kwako hujafika bado. Unalala pale, ila hujafika. Akanyamaza sana. Kesho yake akamwambia mwinjilisti asante, sitaweza kwa sasa. Mwinjilisti alikasirika kidogo, akasema kuna roho ya kidini inamzuia. Nadhani roho ya kidini ndo mimi.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Mwalo wote ulikuwa kama harusi, wanaume wanapakia taa, betri, mafuta, wanawake tumeshapanga mabeseni. Mgao wa kwanza ukatoka. Na hapa Mhariri ndo nilipokuomba usikate.

Alikuja kwangu na daftari la mwanangu, lile la kurasa chache la shule ya msingi, kaandika majina. Mwandiko wake mbaya mi ndo naujua maana nilimfundisha. Mama ntilie wa mwaloni, chai na vitumbua na ugali wa miezi. Muuza mafuta ya injini. Jirani aliyemkopesha akisema mtoto anaumwa na mtoto hakuwa anaumwa. Baharia mwenzie, koti la mvua. Fundi cherehani. Kitenge cha wifi alichouza, hicho alikiandika juu kabisa akakipigia mstari. Alafu mwisho wa ukurasa ameandika neno moja tu, wavu.

Nikamuuliza wavu gani. Ndo akanieleza. Zamani alimuuzia mtu wavu wa tajiri wake, mzee mmoja wa Ujiji, akamwambia mzee majambazi wa ziwani wameupora usiku. Ujambazi ziwani upo kweli kwaiyo uongo ulipita. Wavu sio kitu kidogo, wavu ni mtaji wa mtu. Na kukiri pale sio ushuhuda wa jukwaani tena, pale unaweza kulala polisi.

Tulikwenda wote Ujiji siku ya Jumapili jioni, alitaka nimsindikize. Mzee alikuwa barazani kwake ametoka kuswali alasiri, kofia kichwani, anamenya chungwa. Mdogo wangu akasema shikamoo mzee, marahaba, akakataa kukaa. Akasema mzee ule wavu haukuporwa, niliuuza, nimekuja kusema na nitalipa, na kama unataka kunipeleka polisi niko tayari. Mzee akaendelea kumenya chungwa mpaka ganda likaisha. Alafu akasema, "Nilijua. Siku ile ulirudi na injini na taa zote. Jambazi gani anachukua wavu anaacha injini?" Mdogo wangu akakosa la kusema. Mzee akamuuliza nani kamtuma. Akasema nimeokoka mzee. Mzee akasema yeye dini yetu haijui kwa undani lakini kama imemleta mtu mpaka barazani kwake kwa miguu yake mwenyewe basi hawezi kuisema vibaya, akamwambia kesho urudi kwenye mtumbwi, nitakukata kila mgao kidogo kidogo mpaka wavu uishe. Akatugawia chungwa.

Tukiwa njiani kurudi kwenye bajaji mdogo wangu alitetemeka mikono mpaka Mwanga. Mi nilikuwa najiuliza ni jukwaa gani lingempa ushuhuda kama huo, na ni wainjilisti wangapi wangekubali kusubiri ili ufike.

Zakayo tunamhubiri sana kwa kupanda mkuyu. Watoto wanaimba. Ila Yesu alisema wokovu umefika nyumba hii baada ya Zakayo kusimama na kusema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Mara nne! Mdogo wangu hana uwezo wa mara nne, mama ntilie alimlipa mara moja na nusu ukihesabu na kuku aliyempelekea. Na yule Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliyemwamini Kristo akiwa na Paulo gerezani, Paulo angeweza kumbakiza amsaidie, alimpenda na anasema hivo, lakini alimrudisha kwa Filemoni na barua mkononi, na kama kuna deni Paulo anasema liandike kwangu nitalilipa. Wachungaji wetu wangapi wameshamwandikia mdai wa muumini barua ya namna hiyo? Nauliza tu.

Wazee wa Kianglikana kule Kasulu wanalijua hili kuliko sisi wote. Ule uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Burundi mpaka upande wetu huu wa magharibi, ulikuwa na kutubu hadharani na kelele za kutosha na wimbo wao wa Kiganda mpaka leo wanaimba, lakini ulikuwa pia na kurudisha. Shangazi yangu mmoja alikuwa mwanauamsho, alikuwa anasimulia watu walivyokuwa wanarudisha jembe, mbuzi, sahani za mzungu. Aliyeokoka anaonekana barabarani amebeba kitu kichwani anakirudisha kwa mwenyewe, na walikutana kila wiki kuulizana, ndugu unatembea nuruni? Sasa hivi kurudisha kumepotea tumebakiza kelele.

Na sisi Wakatoliki tusicheke. Wamisionari wa Afrika, wale mapadre waliofika Ujiji mwaka 1879, walikuwa na agizo la Kardinali Lavigerie kwamba mtu mzima asibatizwe mpaka apite miaka 4, miwili ya kujiandaa na miwili ya ukatekumeni wenyewe, yani mafundisho ya ubatizo, kisa aliogopa ukristo wa haraka haraka. Agizo zuri. Mpaka leo mkatekumeni kwetu anasoma muda mrefu, walokole wanatucheka kwamba tunachelewesha watu. Ila baada ya ubatizo hakuna anayeuliza tena kitu, mtu anapiga mkewe kuanzia Pasaka mpaka Noeli na bado ni mwenyekiti wa jumuiya. Kwaiyo kila mmoja na lake.

Nirudi kwa wifi maana yeye ndo shahidi wangu mkuu. Watu wanadhani mume akiokoka mke anafurahi siku hiyo hiyo. Nani kasema. Wifi yangu aliendelea kuficha hela kwenye unga wa muhogo miezi baada ya mume kuokoka. Aliendelea kushtuka akisikia kikohozi. Mume anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, mzima, na mfuko wa nyanya, na mke bado anamwangalia mikono kwanza kabla hajaangalia uso. Mdogo wangu alilalamika kwangu, dada, mke wangu haniamini, nikamwambia miaka yote ulimfundisha kukuogopa na alikuwa mwanafunzi mzuri, sasa mpe muda asahau. Mtoto wao wa pili ndo alianza, siku moja baba ameingia na yeye akabaki amelala mkekani, hakukimbilia chumba cha nyuma. Wifi aliniambia hilo akiwa anachagua mchele, bila kunitazama, kama anaongelea bei ya mafuta. Sasa huo ushuhuda ungeusikia wapi kwenye mkutano? Hauna kelele, ukiusimulia kwenye maiki watu watasema ndo nini.

Na nisifiche, alianguka. Katikati ya mbalamwezi moja wenzake walimpitia, akaenda, akanywa. Alirudi usiku na mlango aligonga polepole, akamwambia mke wake kabla hajaulizwa, nimekunywa, nalala nje hapa barazani. Asubuhi akaenda kwa mchungaji wake. Mchungaji wake, huyu wa kanisa lake sio yule mwinjilisti, ni mtu mwenye busara, alimsikiliza akampa kazi ya kufagia kanisa na kukaa naye siku zote za mbalamwezi iliyofuata, wakawa wanashona nyavu za watu pamoja, maana mchungaji naye aliwahi kuwa mvuvi. Yakaisha. Sasa fikiria angekuwa yuko kwenye mabango Kasulu na Kibondo na picha yake, ALIYEKUWA MLEVI SUGU. Hiyo glasi moja ingekuwa habari ya mkoa. Angeona aibu, angekimbia kanisa, na Kristo angetukanwa kwa ajili yake. Kwa kuwa alikuwa ni mtu tu wa nyumbani alianguka nyumbani akainuliwa nyumbani.

Hapo Ujiji watalii wanakuja kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha wanaondoka. Wachache wanajua kwamba huyo Livingstone, mmisionari maarufu namna hiyo, anatajwa kuwa alipata mwongofu mmoja tu wa kuhesabika, mfalme Sechele wa Bakwena, nchi ambayo leo ni Botswana. Alimbatiza mwaka 1848 baada ya Sechele kuwaacha wake zake akabaki na mmoja. Haukupita mwaka mmoja wa wale wake walioachwa akaonekana ana mimba ya Sechele. Livingstone alivunjika moyo, akamtenga na meza ya Bwana, baadaye yeye akaenda zake kaskazini na safari zake. Na yule yule Sechele aliyeonekana ameshindikana ndo aliendelea kusali na kufundisha watu wake neno la Mungu miaka mingi Livingstone mwenyewe akiwa hayupo, mpaka amekufa. Mi huwa nafikiri haraka ina pande mbili, haraka ya kumpandisha mtu na haraka ya kumfuta.

Najua kuna atakayenijibu, na ana haki, kwamba mwanamke Msamaria aliacha mtungi kisimani akakimbia mjini saa ile ile kushuhudia, hakusubiri miaka. Ni kweli. Yohana sura ya 4. Lakini alikimbilia mji gani? Wa kwake. Kwa watu waliowajua waume zake wote watano mmoja mmoja, ambao asingeweza kuwaongezea chumvi hata kidogo, na alichowaambia ni njooni mwone, na walipokuja wakakaa na Yesu siku mbili wakamwambia sasa hatuamini kwa maneno yako, tumesikia wenyewe. Hakulipwa nauli ya kwenda mji wa pili. Hata Paulo, ndio, alihubiri Dameski mapema, ila yeye mwenyewe anawaandikia Wagalatia kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na Yerusalemu kwa mitume alipanda baada ya miaka 3. Na ndo huyo huyo aliyemwandikia Timotheo kwamba mtu aliyeongoka juzi asipewe uangalizi asije akajivuna akaanguka. Alijua anachosema.

Sasa ninachoomba sio kikubwa. Mkitaka ushuhuda wa mtu, mleteni mke wake aseme, kama anakubali, na kama hajakubali mjue bado. Muulizeni mama ntilie. Muulizeni tajiri wake, hata kama ni Mwislamu, tena hasa kama ni Mwislamu maana hana sababu ya kulisifia kanisa lenu. Zile bahasha za msafara mkizitumia kumlipia kijana deni moja au kumnunulia kifaa cha kazi mtakuwa mmehubiri. Na maiki akipewa, apewe dakika za kusema anavyoishi sasa, ujambazi auruke, polisi wanaujua.

Mdogo wangu deni la wavu bado hajalimaliza. Kila giza linakatwa. Kitenge cha wifi alishanunua, viwili. Dagaa wake siku hizi anawaanika kwenye chanja badala ya mchangani, na akikuta mchanga umeingia anapepeta kabla ya kupima kilo, zamani ule mchanga ulikuwa ndo faida yake, mteja mmoja wa Tabora aliniuliza hawa dagaa wa nani mbona wasafi, akaagiza gunia lingine. Yule mwinjilisti nasikia amerudi mjini na ameulizia tena habari zake. Sina ugomvi naye, akitaka ushuhuda aje Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi, atamkuta pale na wenzake wanashusha, ila aje mapema na asimshike muda mrefu, maana dagaa wakichelewa kuanikwa jua linawaharibu, na mzigo wa leo nimeshaulipia mimi.

Ni mimi,
Dada mtu,
Kibirizi, Kigoma.